Simu haipati intaneti ya kompyuta dukani, na nikiweka tiki ya kugawa, kompyuta nayo inakosa mtandao. Nisaidieni

BintiChake

Assalam aleikum ndugu zangu.

Nina duka dogo la stesheneri hapa Chake Chake. Natoa fotokopi, naprinti, nalamineti, naandika barua na CV. Kompyuta yangu ni ya mezani, Windows 7, niliinunua mkononi na kazi inafanya. Intaneti naipata kwa modemu ya USB ninayoiwekea bando la mwezi.

Siku hizi mteja haji na flashi. Anasimama mlangoni, anauliza "namba yako ya WhatsApp ngapi?", ananitumia faili pale pale, anasubiri. Kwa hiyo simu ya duka inatakiwa iwe hewani tangu saa 2 asubuhi mpaka magharibi, nayo inataka bando lake. Nanunua mabando mawili, na lile la modemu mwezi unakwisha bado limejaa. Nikaona hapana. Nikamuagiza mdogo wangu Unguja, akaninunulia Darajani kile kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB, maana kompyuta yangu haina Wi-Fi ya ndani. Nimekichomeka, draiva imeingia, na kinaiona mitandao ya majirani.

Nikatafuta maelekezo, nikaandika haya kwenye lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt):

netsh wlan set hostednetwork mode=allow ssid=STESHENERI key=karafuu77
netsh wlan start hostednetwork

Jina STESHENERI likatokea kwenye simu, nikafurahi sana. Nikaandika neno la siri, likakubaliwa, kisha simu ikaganda: inatafuta anwani ya IP (namba yake ya kwenye mtandao), inatafuta, mwisho inaachia. Nikasoma mahali kwamba lazima niweke tiki ya kugawa intaneti. Nikaweka. Tangu hapo hata kompyuta yenyewe haifungui ukurasa mmoja. Nikiitoa tiki, mara inarudi, mara hairudi mpaka nichomoe modemu na kuichomeka tena. Leo siku ya tatu. Mwenye kujua anielekeze polepole, mimi si fundi.

kijana_tunguu

Waaleikum salaam dada. Achana na dirisha jeusi, utajichosha bure. Pakua programu ya kugawa Wi-Fi, ziko nyingi za bure, unabonyeza mara moja tu mambo yanakwenda.

Mama_Wawili

Nafuatilia hapa. Na mimi yamenikuta haya haya kwa laptopu ya mume wangu.

FundiMlandege

BintiChake, kwanza usipakue kitu chochote. Kijana, najua nia yako ni kumsaidia, lakini naomba unisikilize. Programu zile haziongezi uwezo ambao kompyuta haina. Kwenye Windows 7 nyingi zinaendesha amri zile zile alizokwisha kuziandika dada, wao wamezivisha kitufe cha kupendeza. Za kweli zipo, mfano Connectify ipo tangu 2009. Ila ukiandika "bure" kwenye kutafuta, nyingi zinazokuja mbele zimefungashwa na mizigo mingine. Nimeletewa laptopu ya mwanafunzi, alitaka hichi hichi, kivinjari chake kikawa kinafungua matangazo ya kamari kila akibofya. Nimekaa nayo tangu laasiri mpaka isha kuisafisha. Na hapa tunazungumzia kompyuta yenye vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya watu ndani yake. Windows 7 haipati marekebisho ya usalama tangu tarehe 14 Januari 2020. Mashine kama hiyo uiepushe na vya kupakua ovyo.

Sasa nijibu mawili. Modemu yako ina programu yake yenye kitufe cha kuunganisha, au ukichomeka tu intaneti inakuja? Na la pili, iache ile tiki kama ilivyo, fungua dirisha jeusi, andika ipconfig, uniandikie hapa namba unazoziona na majina ya kadi zake za mtandao.

BintiChake

Ahsante fundi. Modemu haina programu. Nikichomeka tu inakuja, na nikiandika 192.168.8.1 kwenye kivinjari unafunguka ukurasa wake, ndiko ninakotazamia salio na meseji.

Namba ni hizi:

Local Area Connection 2: 192.168.137.1
Wireless Network Connection 3: 169.254 kisha namba nyengine mbili

Nyengine zote zinasema hazijaunganishwa.

FundiMlandege

Alhamdulillah, ugonjwa umeonekana. Tiki umeiweka upande wa kinyume.

Nikueleze kwa mfano wa maji. Una mfereji mmoja uani, na jirani anataka maji. Mpira unaufunga kwenye mfereji, ncha ya pili unampa jirani. Wewe mpira umeufunga kwa jirani, ncha ya pili umeisukuma kwenye mdomo wa mfereji wako mwenyewe. Jirani hapati, na wewe huchoti.

Namba 192.168.137.1 ndiyo namba ambayo Windows hujipa pale inapokuwa mgawaji. Hujivisha kwenye kadi inayowatazama wanaogaiwa. Kwa hiyo ilitakiwa ionekane kwenye Wi-Fi. Kwako imekaa kwenye Local Area Connection 2, na hiyo ndiyo modemu. Modemu za aina yako zinajionesha kwenye kompyuta kama kadi ya waya. Modemu inazungumza kwa namba za 192.168.8, wewe umeilazimisha kadi yake iwe 137, hazifahamiani tena, ndiyo sababu kompyuta ikakosa mtandao. Huku kwenye Wi-Fi simu inabisha hodi, "nipe anwani", na hakuna wa kuijibu. Ile 169.254 ndiyo dalili yake: kompyuta hujipa namba hiyo ikiwa kadi haikupata anwani kwa mtu yeyote.

Yaani haikuwa kidude chako, wala simu, wala neno la siri. Fanya hivi, taratibu:

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bonyeza Enter. Utaziona kadi zote. Ingia kwenye ile ya Wi-Fi uliyoiwekea tiki, kitufe cha kulia cha mausi, "Properties", kichupo cha "Sharing", itoe tiki, OK.

Kisha ingia kwenye Local Area Connection 2 kwa njia hiyo hiyo, lakini usifike kwenye kugawa bado. Tafuta mstari wa IPv4, ufungue, uhakikishe imewekwa ipokee anwani yenyewe. Mara nyingine ile 137 inabakia imeganda hapo hata baada ya kutoa tiki, na ndiyo maana ukawa unalazimika kuchomoa modemu. Ikisharudi, fungua ukurasa wowote. Usiendelee mpaka kompyuta yenyewe ipate intaneti.

Hapo sasa, kwenye hiyo hiyo Local Area Connection 2, kichupo cha kugawa, weka tiki ya juu. Chini yake patatokea orodha inayouliza unampa nani. Chagua Wireless Network Connection 3. Angalia vizuri namba ya mwisho, maana kidude kimoja cha Wi-Fi kinatoa kadi mbili: ile halisi, na ile ya kivuli inayozaliwa ukiandika hostednetwork. Unayoitaka ni ya kivuli. Utaijua kwa maneno ya chini yake yenye "Virtual".

Tiki inawekwa pale intaneti inapoingilia, siyo inapotokea. Liandike hilo kwenye karatasi ulibandike ukutani.

BintiChake

Nimesoma mara mbili ndipo nikagusa.

IPv4 ilikuwa imeganda kweli kwenye 137, nimeirudisha. Google ikafunguka. Nikaweka tiki kwenye Local Area Connection 2, nikachagua ya tatu, nikaandika tena ile amri ya kuanzisha. Nimeichukua simu mkononi, inatafuta anwani… ikapita! Nimetazama, imepewa 192.168.137.58. Meseji za tangu asubuhi zikaingia zote kwa pamoja, tiiin tiiin tiiin, na mteja aliyekuwa akisubiri barua ya maombi ya kazi nimemtolea yake hapo hapo.

Fundi, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Siku tatu zote nilikuwa nimeanza kufikiri mdogo wangu kauziwa kidude kibovu, na nilikwisha kumlaumu. Nimempigia kumtaka radhi.

mwalimu_Micheweni

Hongera sana dada yangu. Na mimi naomba niingize langu, lipo karibu na hili.

Skuli kwetu intaneti imefika kwa waya kwenye ofisi moja tu. Nina laptopu ya Windows 10, nachomeka waya, nawasha ile hotspoti iliyomo ndani, na wanafunzi wa kidato cha nne wanaingia kwa simu za wazee wao kusoma mitihani ya miaka iliyopita. Yananisumbua mambo mawili. La kwanza, simu ya tisa haiingii. La pili, tukisimama kidogo kwa sala nikirudi naikuta imejizima.

FundiMlandege

Mwalimu, wewe uko kwenye njia nyepesi zaidi. Windows 10 ilitiwa hotspoti yake tangu toleo la Agosti 2016, haitaki dirisha jeusi wala kadi ya kivuli ya kuhangaika nayo. Ila mwisho wake ni vifaa 8, hapo huna la kufanya. Wagawe kwa makundi.

Kujizima ni kwa ajili ya kuokoa umeme: ikiona hakuna simu iliyoungana, baada ya dakika chache inajifunga. Ingia kwenye seti za hotspoti hiyo hiyo, chini kabisa kuna swichi ya kuokoa nguvu, izime. Na laptopu yenyewe uizuie isilale ukiwa umeichomeka kwenye umeme.

La tatu hukuliuliza, lakini linaniuma nikilifikiria. Wanafunzi 8 wakipakua mtihani mmoja, faili moja limepita kwenye waya wenu mara 8. Simu zile zikishaungana na laptopu yako, wote mko chumba kimoja. Pakua wewe mara moja, wao wachukue kwako. Kama una Python, ile lugha ya kuandikia programu, kwenye laptopu, fungua dirisha jeusi ndani ya folda yenye mitihani, andika python -m http.server 8000, Windows ikikuuliza iruhusu, kisha mwanafunzi anaandika kwenye simu 192.168.137.1:8000 anaona orodha yote. Hata intaneti ikikatika, wao wanaendelea kupakua. Ila folda hiyo iwe na mitihani peke yake, maana kila kilichomo ndani wataweza kukichukua.

mwalimu_Micheweni

Hili la mwisho sikuwahi kulisikia. Kesho nalijaribu kabla ya kipindi cha kwanza.

kijana_tunguu

Nimejifunza, fundi. Nimeitoa ile programu kwenye mashine yangu, maana nayo niliipakua pale pale.

Dada, swali moja: kwa nini usifungue WhatsApp kwenye kompyuta yenyewe? Tangu 2021 inafanya kazi hata simu ikiwa imezimwa, mradi uifungue simu angalau mara moja ndani ya siku 14. Faili la mteja linaingia moja kwa moja kwenye kompyuta, unaprinti.

BintiChake

Ushauri mzuri kaka, na nimewahi kufikiria. Lakini wateja wangu wengi ni watu wazima, hawaandiki, wananipigia kwa WhatsApp kunieleza wanataka nini, na wakati huo nimo kwenye mashine ya kopi, mgongo nimeipa kompyuta. Simu naibana na bega nazungumza huku natoa kopi. Na baada ya skuli wanangu wawili wanakuja dukani na simu ya baba yao kufanya kazi zao za nyumbani. Kwa hiyo simu lazima zipate.

FundiMlandege

Vitumie vyote viwili. Mafaili yapokelee kwenye kompyuta, itakupunguzia kazi. Kwa Windows 7 Chrome imeishia toleo la 109, kwa hiyo usishangae siku ikikwambia kivinjari chako ni cha zamani. Hiyo nayo ni sababu ya kuanza kuweka akiba ya mashine nyengine, dada.

BintiChake

Nimerudi tena baada ya siku nne, na safari hii si kwa furaha. Bando langu la mwezi limekwisha! Lilikuwa na GB 11 nilipoanza kuigawia simu. Nimepokea meseji asubuhi kwamba limebakia sifuri. Sikutazama filamu, watoto hawakutazama filamu, nimewauliza nao hawasemi uongo. Kuna jirani kaiba neno la siri?

FundiMlandege

Pole sana. Jirani anaweza kuwa hana kosa. Nieleze: usiku kompyuta unaizima?

BintiChake

Juzi sikuizima. Nililala na mgonjwa hospitali, duka nikamuachia binti wa dada yangu, akafunga mlango akaiacha inawaka. Simu ya duka na simu ya baba watoto zilibakia humo ndani kwenye chaja.

FundiMlandege

Mgonjwa wako Mungu ampe shifaa.

Hizo simu mbili ndizo zilizokula. Hili ni jambo ambalo watu wengi hawaambiwi, na linawaumiza hasa wanaonunua bando kwa kupimiwa. Simu ikiwa kwenye data yake mwenyewe inajizuia, inajua ni ya kununua. Ikiona Wi-Fi inadhani imefika kwenye bahari, maji hayana bei. Ndipo yale yote yaliyokuwa yanasubiri yanapoanza: programu zote za simu zinajisasisha, picha zote za kamera zinapanda kwenye hifadhi ya Google, na WhatsApp inateremsha kila video ya kila kundi bila ya kukuuliza. Simu ya baba watoto iliyokaa miezi bila ya Wi-Fi ina deni la miezi. Usiku mmoja unatosha.

Simu haijui kwamba nyuma ya Wi-Fi yako kuna modemu yenye bando la kuhesabiwa. Lazima uiambie. Kwenye simu za Android ingia kwenye Wi-Fi, gusa jina STESHENERI, tafuta sehemu ya matumizi ya data ya mtandao huo, uchague kwamba mtandao huu unapimwa. Hiyo peke yake inazuia mengi. Kisha ndani ya WhatsApp, kwenye hifadhi na data, kuna mstari wa kuteremsha vitu ukiwa kwenye Wi-Fi: toa tiki zote nne, picha, sauti, video na hati. Hati za wateja utazigusa mwenyewe. Kwenye Play Store zima kujisasisha. Kwenye Picha za Google zima kuhifadhi. Fanya kwa kila simu unayoiingiza, moja moja, usimwambie mtu "utaifanya nyumbani".

Na neno la siri libadilishe, kwa kuwa umeliandika hapa kwenye uzi tangu siku ya kwanza. Amri ile ile ya kwanza, ubadilishe maneno ya baada ya key=, yasipungue herufi 8.

BintiChake

Simu ya baba watoto nimeikuta imesasisha programu 34. Sikuwa na habari hata kidogo kwamba simu inafanya hivyo. Nimefuata yote, simu zote mbili, na neno la siri nimebadilisha.

mkaazi_Shangani

Nimeusoma uzi wote kwa sababu nami nagawa kutoka kwenye laptopu, ila shida yangu ni kuta. Nakaa Mji Mkongwe, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wake ni mkono mzima tangu kiwiko mpaka vidole na zaidi. Laptopu ikiwa sebuleni, chumba cha pili simu haioni kitu. Mlango ukiwa wazi inaona, ukifungwa inakata.

FundiMlandege

Kuta hizo nazijua, hata fundi wa umeme anazilia. Tazama kwenye seti za hotspoti bendi ipi imechaguliwa. Kama ni 5 GHz, ibadilishe iwe 2.4. Ya 5 ina kasi lakini haipenyi ukuta mnene. Ya 2.4 inapenya zaidi, ingawa kwa ukuta wako usitarajie makubwa. Baada ya hapo ni suala la mahali. Usiiweke laptopu kwenye kona, iweke inapoutazama mlango au dirisha la ndani, mawimbi yapite kwenye uwazi.

BintiChake, na wewe hili likufae. Kidude chako kimechomekwa nyuma ya kompyuta, sivyo? Hapo kimejificha nyuma ya sanduku la chuma. Nunua waya wa kurefusha USB, mita moja na nusu, ukitoe juu ya meza.

Mama_Wawili

Samahani fundi. Laptopu yetu ni Windows 10. Nimeandika netsh wlan show drivers, kwenye mstari wa hosted network panasema No. Ndiyo imekufa?

FundiMlandege

Haijakufa bibie. Draiva za Wi-Fi za siku hizi nyingi zimeacha ile njia ya zamani, zinatumia nyengine iitwayo Wi-Fi Direct. Usitumie amri, washa hotspoti ya ndani ya Windows kama ya mwalimu wa Micheweni. Hata ikipokea intaneti kwa Wi-Fi inaweza kuigawa kwa Wi-Fi hiyo hiyo. Wenye Mac ndio hawawezi hilo, wao lazima intaneti iingie kwa waya au njia nyengine. Na mwenye Linux, amri ni nmcli device wifi hotspot, ikifuatiwa na ssid na password zake.

Mama_Wawili

Imewaka! Ahsante.

mwalimu_Micheweni

Python imekubali. Wanafunzi 8 wamechukua mitihani ya hisabati kwa dakika chache, kisha wakatoka wakaingia wengine 8. Yupo mmoja simu yake ya skrini iliyopasuka, haonekani vizuri anachobonyeza, mwenzake akamsomea namba moja moja mpaka akafika.

BintiChake

Waya wa USB nimepata hapa hapa Chake, sasa simu inashika mpaka kwenye baraza ya nje.

Limebaki moja fundi. Umeme ukikatika kompyuta inazima, ukirudi nalazimika kuandika amri upya, na kuna siku duka limejaa watu.

FundiMlandege

Fungua Notepad, andika mstari mmoja tu: netsh wlan start hostednetwork. Lihifadhi kwenye uso wa kompyuta kwa jina WASHA.bat. Umeme ukirudi, kitufe cha kulia cha mausi juu yake, ulifungue kama msimamizi. Jina na neno la siri kompyuta inavikumbuka, huna haja ya kuviandika tena. Ikitokea simu inaungana lakini haina intaneti, nenda kwenye Local Area Connection 2, toa tiki, OK, iweke tena.

BintiChake

Leo umeme umekatika saa 8 mchana, umerudi saa 10 kasorobo. Nimebofya WASHA, simu ikaungana wakati printa bado inajipasha moto. Mabando sasa nanunua moja.

Karatasi ya "tiki inawekwa pale intaneti inapoingilia" nimeilamineti, ipo ukutani juu ya kompyuta.